KEEKEE YA UMEME: KILA KIGUMU KINA BITI YAKE



Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi. Huenda na wewe umekwenda Kariakoo ukanunua keekee ya umeme, yaani drili. Lakini je, biti moja inatosha kutoboa kila kitu? La, haitoshi! Ukilazimisha, utaunguza biti na kupasua mali ya mwenzio.

Tuseme umeitwa Magogoni, karibu na kivuko cha Kigamboni, kufunga shelfu dukani. Usianze kwa pupa. Toboa kidogo tu, uangalie unga unaotoka. Unga wa kijivu ni zege au tofali la saruji. Unga mwekundu ni tofali la kuchoma. Unga mweupe huenda ni chokaa na matumbawe.

1. Zege. Tumia biti ya ukuta, yenye ncha ya kabaidi. Washa nyundo ya drili. Toa biti mara kwa mara ili unga utoke. Ukigonga nondo, acha. Hamisha tundu.

2. Matumbawe. Nyumba kongwe za pwani zilijengwa kwa mawe haya, kama vile Boma la Kale la Dar es Salaam la miaka ya 1860. Mawe haya ni laini. Zima nyundo, maana ukuta utamomonyoka na tundu litakuwa pana. Na jengo la kumbukumbu halitobolewi bila kibali.

3. Vigae. Bandika utepe wa karatasi ili biti isiteleze. Zima nyundo, uende polepole. Ukishakipita kigae, ndipo uwashe nyundo.

4. Chuma. Tumia biti ya chuma. Bana chuma kwenye jiliwa, upige alama kwa senta panchi. Zungusha polepole, utie oili. Biti ikigeuka bluu, ujue umeiunguza kwa joto.

Sasa tuseme habari ya hatari. Nyaya hupita ndani ya ukuta, hasa juu na chini ya swichi. Usitoboe hapo. Vaa miwani ya kazi. Funga pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, kwa kuwa vumbi la zege lina silika. Silika ikiingia mapafuni kwa miaka mingi huleta ugonjwa usiopona. Usivae nguo inayoning'inia wala glavu za kitambaa, drili itazivuta pamoja na mkono. Na kabla ya kubadili biti, chomoa plagi.

Fundi mwenye mkono mmoja atalisha watoto kwa shida. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI
1. Unga wa tundu unakufundisha nini?
2. Kwa nini tunazima nyundo kwenye kigae?
3. Nyumba yako imejengwa kwa kitu gani? Ungetumia biti ipi? Jadilianeni na wenzenu.