ELIMU KWA UMMA: Mabwawa ya juu, maziwa ya chini, na sisi tulio katikati ya Mto Tana

Kila mafuriko yanapoingia Hola au Garsen, wakazi husema neno lile lile: "Wamefungulia mabwawa." Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote, na anayengoja habari za mabwawa peke yake anaweza kukutwa na maji akiwa bado nyumbani.

Mabwawa makubwa ya kuzalisha umeme kwenye Mto Tana ni matano. Ukifuata maji yanavyoteremka, utaanza na Masinga, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma na mwisho Kiambere. Kindaruma ndilo kongwe, la mwaka 1968. Masinga lilikamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988.

Hayalingani kazi. Masinga ndilo ghala: likijaa hubeba takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Gitaru hutoa umeme mwingi kuliko yote, megawati 225, lakini hubeba maji kidogo mno. Yanayoingia humo hayana budi kutoka upesi. Kwa hiyo swali la kuuliza msimu wa mvua ni moja: Masinga limefika wapi? Kipimo chake cha kujaa ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likipita hapo, maji humwagika yenyewe kupitia njia iliyojengwa kwa kazi hiyo, kama mtungi uliofurika. Hakuna anayehitaji kufungua chochote. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mvua za mwaka 2024.

Ile sehemu ambayo wengi hawaijui ni kwamba chini ya Kiambere, Tana bado hupokea mito mingine. Mutonga na Kathita, inayotoka Mlima Kenya, huingia huko, na hakuna bwawa kati yake na sisi. Mvua kubwa ikinyesha Meru na Tharaka Nithi, maji yatatufikia hata kama Masinga liko nusu. Anga yetu inaweza kuwa kavu kabisa siku hiyo.

Sasa tuje kwenye maziwa ya asili. Sisi wa delta tunayo, ingawa ramani nyingi za shule huyaruka. Shakababo na Bilisa ni watoto wa mto. Tana huhama. Hukata kona yake, hushika njia mpya, na ile kona ya zamani hubaki kama ziwa. Maziwa ya namna hii hayana chemchemi kubwa ya kuyalisha. Huishi kwa mafuriko: mto ukipanda, maji huingia na samaki, na udongo mpya hubaki mashambani. Mpokomo hupanda mpunga kwa kufuata maji hayo, na Muorma huleta ng'ombe kwenye majani yanayobaki kiangazi kikishika.

Hapo ndipo penye ugumu. Tangu Masinga lianze kushika maji, mafuriko ya wastani, yale yanayojaza ziwa bila kubomoa nyumba, yamepungua. Makubwa yenyewe bado huja, kama ya 1997 na ya 2023. Mkazi wa delta amebaki na hasara ya mafuriko na kupungukiwa faida yake. Mvuvi wa Shakababo hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Kwenye Mto Senegali, chini ya bwawa la Manantali, maji yamewahi kuachiliwa kwa makusudi na kwa kipimo ili kuyafikia mashamba ya bondeni. Ni jambo ambalo wakazi wana haki ya kuliuliza katika vikao vya kushirikisha umma, mipango ya mabwawa mapya inapoletwa.

Kwa msimu huu, sikiliza taarifa mbili, si moja: kiwango cha Masinga, na utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kuhusu mashariki ya Mlima Kenya. Ongeza habari za mto kutoka Garissa, kwa kuwa maji yakipanda hapo, yako njiani kuja Hola, kisha Garsen. Wazee, wagonjwa, watoto na mifugo wahamishwe kwanza, mchana, kabla barabara haijakatika. Mbegu na vyeti vifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Anayelima ukingoni amwarifu chifu au msimamizi wa wadi mara aonapo maji yamepanda usiku mmoja bila mvua ya hapa.