Sharti na Tokeo: Kupanga Daraja Vipindi Tisa vya Msimu wa Kwanza wa What If...?

Ikisiri

Makala haya yanapanga daraja vipindi tisa vya msimu wa kwanza wa What If...?, mfululizo wa katuni za mashujaa uliotolewa na kampuni ya Marvel mwaka wa 2021. Kigezo kinachotumiwa kimechotwa katika sarufi ya Kiswahili, yaani uhusiano wa sharti na tokeo katika sentensi za -nge- na -ngali-. Hoja kuu ni kwamba kipindi bora si kile chenye vita vikubwa kuliko vingine, bali ni kile ambacho tokeo lake limezaliwa na sharti lake na hali ya mhusika wake.

1.0 Utangulizi

Ni jambo la kawaida kuwasikia wanafunzi wa fasihi wakibishana kuhusu hadithi ipi katika mkusanyiko fulani inazishinda nyingine. Aghalabu mabishano hayo huishia katika kauli moja: "Mimi niliipenda hiyo." Kupenda si kosa, lakini kupenda si hoja. Mhakiki ana wajibu wa kutaja kigezo chake waziwazi, kisha kukitumia bila upendeleo, hata pale kinapomlazimu kukishusha kipindi kilichomchekesha zaidi.

Mfululizo wa What If...?, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Ingekuwaje?, unafaa sana kwa zoezi la aina hii. Chimbuko lake ni vitabu vya katuni vya jina hilohilo vilivyoanza kuchapishwa mwaka wa 1977. Msimu wa kwanza ulionyeshwa kuanzia tarehe 11 Agosti hadi tarehe 6 Oktoba mwaka wa 2021, kipindi kimoja kila wiki. Misimu miwili zaidi ilifuata mnamo Desemba 2023 na Desemba 2024, na jumla ya vipindi ikafika 26. Makala haya yanajifunga kwa vile tisa vya kwanza.

Kimuundo, mfululizo huu unakaribiana na mkusanyiko wa hadithi fupi. Kila kipindi kina ulimwengu wake, na vingi vinajitosheleza. Kinachoviunganisha ni sauti ya msimulizi, Watcher, yaani Mtazamaji, anayeigizwa kwa sauti na Jeffrey Wright. Yeye huona yote, husimulia yote, na ameapa kutoingilia lolote. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atamtambua upesi: ni fanani aliye nje ya ngano yake. Hadhira nayo haiji mikono mitupu. Inazijua tayari filamu za Marvel ambazo vipindi hivi vinazigeuza, kama vile hadhira ya ngano inavyomjua Sungura kabla hajafungua kinywa.

2.0 Kigezo cha Upangaji

Sarufi ya Kiswahili hufundisha kwamba -nge- huashiria jambo ambalo bado linaweza kutimia, ilhali -ngali- huashiria jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. "Angesoma angefaulu" humwachia mwanafunzi nafasi ya kurekebisha mambo. "Angalisoma angalifaulu" humfungia mlango. Kila kipindi cha What If...? ni sentensi ya -ngali- iliyorefushwa ikawa hadithi: jambo lilitendeka hivi katika filamu, je, lingalitendeka vile?

Sentensi ya namna hii ina sehemu mbili, sharti na tokeo. Mtu akisema, "Mvua ingalinyesha, Juma angalioa," hajakosea kisarufi, lakini msikilizaji atataka kujua mvua na ndoa vinahusiana vipi. Sarufi inakubali, mantiki inasita. Kutokana na hili, maswali matatu yanatumika kupima kila kipindi. Kwanza, je, sharti ni moja na liko wazi? Pili, je, tokeo linafuata kutokana na sharti hilo, au limebandikwa tu? Tatu, je, tokeo linafichua jambo kuhusu mhusika ambalo filamu ya awali haikulifichua?

3.0 Daraja za Vipindi

Upangaji unaanza na kipindi cha mwisho kwa ubora na kupanda hadi cha kwanza.

Nafasi ya tisa: kipindi cha tano, kuhusu maiti watembeao. Hank Pym anamrejesha mkewe Janet kutoka ulimwengu wa chembe ndogo, naye anarudi na kirusi kinachowageuza mashujaa kuwa maiti wenye njaa. Sharti hapa ni ajali. Kirusi hakimjui shujaa wala mwoga, na kingaliingizwa katika hadithi yoyote ile kikaleta matokeo yaleyale. Hata hivyo, kuna sehemu moja inayokiinua: Vision, ambaye kwa kawaida ni mwenye busara, anawanasa walionusurika ili amlishe Wanda aliyekwisha ambukizwa. Hapo mapenzi yanageuka ukatili. Lau kipindi kingalijengwa juu ya Vision pekee, kingalipanda daraja kadhaa.

Nafasi ya nane: kipindi cha tisa, ambapo Mtazamaji anavunja kiapo. Hiki ni hitimisho la msimu. Mashujaa wa vipindi vilivyotangulia wanakusanywa kupigana na Ultron. Kasoro yake ni kwamba hakina sharti lake chenyewe; kinaishi kwa mtaji wa vingine. Zaidi ya hayo, Gamora anatokea akiwa na historia ambayo mtazamaji hajaonyeshwa, kwani kisa chake kilikuja kuonyeshwa katika msimu wa pili. Msuko unafunga mafundo yote, lakini kufunga mafundo si sawa na kusimulia hadithi.

Nafasi ya saba: kipindi cha kwanza, kuhusu Captain Carter. Sharti lake ni zuri mno kwa udogo wake: Peggy Carter anaamua kubaki ndani ya chumba cha majaribio badala ya kuondoka. Kutokana na uamuzi huo, ni yeye anayepokea dawa ya nguvu, si Steve Rogers. Tatizo liko kwenye tokeo. Matukio mengi yanafuata nyayo za filamu ya mwaka wa 2011, kwa mpangilio unaokaribiana sana. Ni kama sentensi iliyobadilishwa kiima huku kiarifu kikiachwa vilevile. Thamani yake imo katika dharau ambayo Carter anatendewa na wakubwa wake kwa kuwa ni mwanamke, jambo ambalo Rogers hakukumbana nalo.

Nafasi ya sita: kipindi cha saba, ambapo Thor analelewa bila ndugu. Odin anamrudisha Loki kwa wazazi wake, na Thor anakua akiwa kijana wa anasa anayeigeuza Dunia kuwa uwanja wa sherehe. Hii ni ramsa, na ingekuwa dhuluma kuipima kwa mizani ya tanzia. Sharti na tokeo vinashikamana: mtoto asiye na mshindani nyumbani hana sababu ya kukomaa. Anayemtuliza hatimaye si mpiganaji bali ni mama yake, Frigga. Kinachokiweka chini ya vingine ni kwamba mzaha unarudiwa hadi unapungua makali.

Nafasi ya tano: kipindi cha tatu, ambapo mashujaa wanauawa kabla ya kuungana. Nick Fury anawaona watu aliowachagua wakifa mmoja baada ya mwingine katika muda wa juma moja. Taharuki inashikiliwa vyema hadi inapobainika kwamba muuaji ni Hank Pym, baba anayelipiza kisasi cha binti yake Hope, aliyefariki akiitumikia idara ya Fury. Msiba mmoja wa nyumbani unaipokonya Dunia nzima walinzi wake. Huo ni ufungamano wa hali ya juu. Upungufu ni kwamba sharti lenyewe linafichwa hadi mwisho, hivyo hadhira inapata muda mfupi sana wa kumwelewa Pym.

Nafasi ya nne: kipindi cha nane, ambapo Ultron anashinda. Ultron anaupata mwili aliojiundia, anatwaa mawe yote ya nguvu, na kuangamiza uhai kila mahali. Kisha anaisikia sauti ya msimulizi. Mhusika anamgundua fanani, anavunja ukuta uliopo kati yao na kumshambulia. Wakati huohuo, Natasha Romanoff na Clint Barton, binadamu wawili wa kawaida, wanapekua nyaraka za zamani wakitafuta tumaini, huku Mtazamaji akishindana na nafsi yake asiwaonyeshe lilipo. Ni hapa ndipo kiapo cha kutoingilia kinapopata uzito wa kimaadili: je, anayeona na kunyamaza hana hatia?

Nafasi ya tatu: kipindi cha sita, ambapo Killmonger anamwokoa Tony Stark. Katika filamu ya mwaka wa 2008, Stark anatekwa nchini Afghanistan, na mateso hayo ndiyo yanayomzindua. Katika kipindi hiki Killmonger anazuia shambulizi. Stark anabaki salama, na kwa sababu hiyo anabaki kipofu wa dhamiri. Kinaya ni kikali: wema unamnyima mtu funzo lake, na mwokozi ndiye anayekuja kumuua. Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu inapinduliwa hapa, kwani ulimwengu umezuiwa usifunze.

Nafasi ya pili: kipindi cha pili, kuhusu T'Challa. Wajumbe wa Yondu wanatumwa kumchukua Peter Quill, wanakosea na kumchukua mwana wa mfalme wa Wakanda. Kosa la watumwa wawili wazembe linabadilisha anga zima. T'Challa hashindi kwa mabavu. Anamshawishi Thanos kwa maneno hadi Thanos anaacha mpango wake wa kuangamiza nusu ya viumbe. Sharti limebadilisha mahali pa malezi, tokeo limeonyesha kilichobebwa ndani ya mtu. Chadwick Boseman, aliyefariki tarehe 28 Agosti 2020, ndiye aliyemwigiza T'Challa kwa sauti, na mwaka wa 2022 alitunukiwa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Ikumbukwe kwamba daraja hili halikutolewa kwa huruma ya msiba huo. Kipindi kinastahili kwa mantiki yake.

Nafasi ya kwanza: kipindi cha nne, kuhusu Doctor Strange. Katika filamu ya mwaka wa 2016, ajali ya gari inamnyima Strange mikono yake ya upasuaji. Katika kipindi hiki ajali ni ileile, lakini anayepotea ni Christine Palmer, mwanamke anayempenda. Strange anajifunza uganga ili arudi nyuma na kumwokoa. Anabadilisha njia, anabadilisha saa, anabadilisha mpango wa jioni nzima. Christine anakufa kila mara. Anaelezwa kwamba kifo hicho ni nukta isiyobadilishika, kwani bila hicho yeye mwenyewe asingekuwa mganga wa kurudi nyuma. Hakubali. Anameza viumbe mmoja baada ya mwingine ili aongeze nguvu, anamshinda hata Strange mwenzake aliyekubali msiba, na mwishowe ulimwengu wote unayeyuka, Christine akiwa mikononi mwake.

Ubora wa kipindi hiki unaelezeka kisarufi. Katika vipindi vingine, hadhira ndiyo inayosema "ingalikuwaje". Wahusika hawajui kwamba maisha yao ni sharti. Hapa mhusika mwenyewe ndiye anayeitamka sentensi. "Ningalipita njia nyingine, angaliishi." Kisha anakataa kile ambacho -ngali- inamaanisha. Anataka kuigeuza iwe -nge-, awe na nafasi ambayo wakati umekwisha kuifunga. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Strange anajaribu kumtangulia mjukuu huyo, na gharama yake ni kila kitu.

Isitoshe, mhusika huyu anaingia vyema katika mjadala wa shujaa unaofahamika katika madarasa ya Kiswahili. Fumo Liyongo hakuangushwa na majeshi. Aliangushwa kwa sindano ya shaba iliyodungwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Pana mahali pamoja tu ambapo shujaa hudungika, na njia ya kufika hapo hupitia kwa wapendwa wake. Tofauti ni kwamba Strange anaishika sindano kwa mkono wake mwenyewe.

4.0 Pingamizi

Huenda msomaji akadai kwamba kigezo hiki kinapuuza mambo yanayoifanya katuni kuwa katuni: rangi, mwendo, muziki na sauti. Dai hilo lina uzito. Hata hivyo, vipindi vyote tisa viliongozwa na mtu mmoja, Bryan Andrews, na mtindo wao wa uchoraji unafanana kwa kiasi kikubwa. Pale ambapo umbo linakaribiana, tofauti kubwa inabaki katika msuko na usawiri wa wahusika. Anayeshikilia kigezo cha taswira yuko huru kukitumia, na daraja zake zikitofautiana na hizi, mjadala utakuwa umeanza mahali pafaapo: kwenye vigezo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukubwa wa tokeo si kipimo cha ubora. Ulimwengu unaangamia katika kipindi cha nne, na unaangamia pia katika kipindi cha nane. Unaangamia kwa maana zaidi pale ambapo kuangamia huko kumetokana na chaguo la mtu mmoja ambaye hadhira inamwelewa. Mwanafunzi anayehakiki mkusanyiko wowote wa hadithi fupi anaweza kuanza na zoezi hilihili: aifupishe kila hadithi iwe sentensi moja ya -ngali-, kisha aulize kama vishazi viwili vinashikana. Vikishikana, aendelee kuuliza vinamwambia nini kuhusu binadamu. Visiposhikana, atakuwa amepata sababu ya kutoridhika kwake, na sababu hiyo ndiyo mwanzo wa uhakiki.