Pikipiki Ndogo ya Mkulima: Gharama Yake na Utunzaji Wake

Mwezi huu tutajifunza habari za chombo ambacho sasa kinaonekana karibu kila mahali katika skimu zetu, nacho ni pikipiki ndogo. Wengi wa wakulima waliopata mashamba katika Mpango wa Eka Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, walipeleka maziwa yao kwa baiskeli au kwa mkokoteni wa punda. Punda bado anafanya kazi nzuri, lakini mtu aliye kilomita 6 kutoka kwenye mtambo wa kupozea maziwa anajua kwamba jua halimngojei punda. Maziwa hayana budi kufika kwenye ubaridi kabla ya saa mbili au tatu kupita tangu kukamuliwa. Ndiyo sababu wakulima wengi wamenunua pikipiki.

Kununua ni kazi ya siku moja. Kuwa nayo ni kazi ya kila siku. Ng'ombe asipolishwa vizuri, utaona jioni hiyo hiyo katika ndoo. Pikipiki haionyeshi upesi namna hiyo. Inakwenda leo na kesho, na kumbe inakula mtaji wako kimya kimya, mpaka asubuhi moja inasimama njiani na mitungi imejaa. Basi tutasoma mambo matatu: hesabu yake, utunzaji wake, na usalama wa mwenye kuiendesha.

SEHEMU YA KWANZA: HESABU

Ukimwuliza mtu pikipiki yake inamgharimu kiasi gani, mara nyingi atakutajia petroli peke yake. Hilo ni kosa. Petroli ndiyo gharama inayoonekana kwa sababu unailipa kila mara. Gharama nyingine zimejificha, lakini zote zitakuja kukudai.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima anapeleka lita 25 za maziwa kila asubuhi, kilomita 6 kwenda na 6 kurudi. Kwa siku 30 ni kilomita 360. Njia ni ya maramu, ina milima, naye amebeba mzigo, kwa hiyo lita moja inampeleka kilomita 45. Bei ya petroli tuseme ni shilingi 180 kwa lita. Bei hubadilika, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, huitangaza kila mwezi. Wewe tumia bei ya mwezi wako na ya mahali pako.

Sasa tutazame vitu vinavyolika. Lita moja ya oili kwa shilingi 700, ikibadilishwa kila kilomita 2,000, ni senti 35 kwa kila kilomita. Tairi mbili na tyubu zake kwa shilingi 5,000, zikidumu kilomita 12,500, ni senti 40. Cheni na magurudumu yake ya meno kwa shilingi 2,500, zikidumu kilomita hizo hizo, ni senti 20. Breki, plagi, kebo, balbu na malipo ya fundi tuvihesabie senti 55. Jumla ni shilingi 1.50 kwa kila kilomita.

Liko jambo la nne, nalo ndilo husahauliwa zaidi: pikipiki yenyewe inachakaa. Kama uliinunua kwa shilingi 150,000, na baada ya miaka 5 utaiuza kwa shilingi 60,000, umepoteza shilingi 90,000. Zigawanye kwa miezi 60, utapata shilingi 1,500 kila mwezi. Fedha hizo zinatoka mfukoni mwako hata usipoziona.

Basi hesabu ya mwezi ni hii:

Petroli, lita 8: sh. 1,440
Vitu vinavyolika, kilomita 360: sh. 540
Bima, tuseme: sh. 300
Kuchakaa: sh. 1,500
Jumla: sh. 3,780

Angalia vizuri. Petroli si hata nusu ya jumla. Sasa gawanya shilingi 3,780 kwa lita 750 za maziwa za mwezi mzima. Kila lita imegharimu shilingi 5 na senti 4 kufikishwa. Kama mchukuzi wa kijijini anatoza shilingi 3 kwa lita, angekudai shilingi 2,250 tu. Mkulima huyu anadhani anaokoa fedha, na kumbe kila mwezi anapoteza shilingi 1,530. Ikiwa aliinunua kwa mkopo, aongeze na riba.

Je, auze pikipiki? Asifanye haraka. Kwanza atazame maziwa. Ikiwa kwa mchukuzi mtungi mmoja hukataliwa kila mwezi kwa kuchelewa, na lita moja inauzwa shilingi 45, hapo anapoteza shilingi 1,125, na pikipiki imemrudishia fedha hizo. Pili, aipe pikipiki kazi zaidi. Tuseme anachukua na lita 25 za jirani kwa shilingi 3 kila lita. Petroli itapanda kufika lita 9, yaani shilingi 1,620, na vitu vinavyolika tuseme shilingi 600. Bima na kuchakaa tuviache vile vile. Jumla inakuwa shilingi 4,020 kwa lita 1,500, yaani shilingi 2 na senti 68 kwa lita. Jirani atalipa shilingi 2,250, na mwenye pikipiki atabakiwa na gharama ya shilingi 1,770. Sasa ameshinda bei ya mchukuzi kwa shilingi 480. Lakini ukibeba mizigo au watu kwa malipo, mwulize wakala wa bima kama bima yako inaruhusu kazi hiyo, kwa maana bima ya kazi ya nyumbani huenda isikusaidie ukipata ajali, na bima ya biashara huenda ikawa ghali zaidi. Ikiwa ni ghali zaidi, iweke katika hesabu kabla ya kukubaliana na jirani.

Mafunzo ya hesabu hii ni kwamba pikipiki yenye kazi moja ndogo ni ghali, na pikipiki yenye kazi za kutosha hujilipa. Namba zako zitakuwa nyingine. Nunua daftari, ulifunge kwa kamba karibu na mahali pa kuegeshea, na kila siku uandike kilomita, petroli, matengenezo, na kazi iliyofanywa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Tena, weka fedha kabla hazijadaiwa. Kwa mkulima wa mfano wetu wa kwanza, kilomita 12 kwa siku ni shilingi 18 za vitu vinavyolika. Azitie katika mkebe kila jioni. Shilingi 50 nyingine kwa siku azipeleke katika chama cha akiba kwa ajili ya pikipiki itakayofuata. Hapo tairi likiisha, hatauza mbuzi.

SEHEMU YA PILI: UTUNZAJI

Pikipiki nyingi ndogo za siku hizi zina injini ya mipigo minne. Namna hii ilienea sana baada ya kampuni ya Honda ya Japani kutoa pikipiki yake ya Super Cub mwaka 1958, na kufika mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilitimia milioni 100. Injini hii hupendwa kwa kuwa hula petroli kidogo na huvumilia taabu. Oili yake hukaa mahali pake chini ya injini. Usiichanganye na petroli kama ilivyofanywa kwa pikipiki za zamani za mipigo miwili.

Kila asubuhi, kabla ya kufunga mitungi, tazama mambo haya matano. Hayachukui hata dakika tano.

1. Oili. Simamisha pikipiki wima mahali palipo sawa, na upime kwa kijiti chake au utazame katika kioo chake. Injini hizi huchukua karibu lita moja tu, kwa hiyo ikipungua kidogo ni hatari. Ukiendesha bila oili ya kutosha, pistoni itakwama, na matengenezo yake yatameza fedha za maziwa za miezi mingi.

2. Tairi. Kwa pikipiki nyingi ndogo, upepo wa mbele ni ratili 25, na wa nyuma ni ratili 28 kama uko peke yako. Ukiwa na mzigo, nyuma huongezwa kama kitabu cha pikipiki kinavyosema. Tairi laini hula petroli na kukata tyubu.

3. Cheni. Ishike katikati, uiinue na kuishusha. Iwe na nafasi ya sentimita 2 hadi 3. Ikikaza sana hukatika, na ikilegea huruka meno. Ipake oili kila kilomita 500, na mapema zaidi wakati wa matope.

4. Breki. Bana ya mbele na kukanyaga ya nyuma huku ukiisukuma pikipiki. Kila moja peke yake iweze kuizuia.

5. Taa na honi. Asubuhi ya ukungu, taa yako ndiyo inayomwambia dereva wa lori kwamba uko.

Chujio la hewa lina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika vumbi la maramu huziba upesi, na injini iliyozibwa pumzi hula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi. Likiwa la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, ulipake oili kidogo na kulikamua. Likiwa la karatasi usilioshe. Likung'ute, na likichakaa ununue jingine. Usiendeshe bila chujio hata siku moja, kwa maana vumbi litasaga injini kama jiwe la kusagia.

Moshi wa samawati una maana nyingine: injini inachoma oili. Mpelekee fundi mapema. Ukienda kununua pikipiki iliyotumika, tazama moshi huo kwanza. Kisha linganisha namba ya injini na ya fremu na zile zilizo katika hati, na uhamishe jina bila kuchelewa kwa njia ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama. Pikipiki yenye jina la mtu mwingine huhesabiwa mbele ya sheria kuwa ni ya mtu huyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama ulilipa shilingi zote.

Yafaa upime petroli mara moja kwa mwezi. Jaza tangi, andika kilomita, endesha siku chache, kisha ujaze tena na ugawanye kilomita kwa lita ulizoongeza. Ikiwa ulikuwa ukipata kilomita 45 na sasa unapata 35, tafuta sababu: chujio limeziba, breki inashika, upepo umepungua, kabureta inavuja, au kijana anaitumia kwa safari usizozijua.

SEHEMU YA TATU: USALAMA

Kitabu cha pikipiki hutaja uzito usiopaswa kupitwa. Kwa nyingi ndogo ni karibu kilo 130 hadi 150, na wewe mwenyewe umo ndani ya uzito huo. Pima hivi: dereva kilo 65, lita 50 za maziwa karibu kilo 52, mitungi miwili kilo 12. Jumla ni kilo 129. Kwa pikipiki ya kilo 130 mzigo umetimia. Usiongeze gunia wala mtoto. Funga mtungi mmoja kila upande, chini kadiri iwezekanavyo, kwa mipira mizuri. Mtungi uliofungwa upande mmoja utakuvuta shimoni.

Wako watu wanaoteremka milima kwa gia huru ili kuokoa petroli. Acha kabisa desturi hiyo. Ukiteremka kwa gia ndogo, injini husaidia kuzuia mzigo. Ukiteremka kwa gia huru, kazi yote ni ya breki, nazo zikipata moto hulegea, na kwa wakati huo wewe una kilo 64 zinazokusukuma mgongoni. Petroli unayookoa katika mlima mmoja haifiki bei ya sukari ya kikombe cha chai. Katika matope punguza mwendo mapema, tumia breki zote mbili kwa upole, wala usibane ya mbele kwa ghafula.

Sheria inataka leseni, bima, helmeti na jaketi ya kung'aa kwa dereva na kwa abiria, na abiria asizidi mmoja. Usidhani helmeti ni ya barabara kuu tu. Jiwe la njia ya skimu ni gumu sawasawa na lami. Ifunge mkanda wake chini ya kidevu, maana helmeti isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

MASWALI YA KUJIPIMA

Keti na watu wa nyumbani kwako, mjibu pamoja:

1. Pikipiki yetu inakwenda kilomita ngapi kwa mwezi, na kwa kazi zipi?
2. Kila lita ya petroli inatupeleka kilomita ngapi?
3. Tukihesabu petroli, vitu vinavyolika, bima na kuchakaa, kila lita ya maziwa inagharimu kiasi gani kufikishwa?
4. Mchukuzi angetutoza kiasi gani?
5. Ni kazi gani nyingine ya faida tunayoweza kuipa, bila kupita uzito wake?
6. Mkebe wa matengenezo una shilingi ngapi leo?

Ikiwa swali la sita halina jibu, anza jioni hii.