Koma Moja, Dola Milioni 5: Soma Tangazo Lako la Kiingereza Kabla Hujaliposti

Somo la leo ni la vialama vidogo: koma na ile alama ya juu, apostrofi. Najua kuna mtu atasema, "Mimi nauza viatu, sifundishi shule." Subiri kidogo ndugu yangu, kuna hela humu.

Kabla sijaanza kuuza mashuka mtandaoni, nilikuwa mhariri wa lugha kwenye gazeti la Kiingereza. Huyu siyo mwandishi. Ni yule anayesoma habari mwisho kabisa, kabla haijaenda mtamboni, akiangalia koma, nukta, tahajia, majina na namba. Wengi wanaona ni kazi ya kuchosha. Mimi niliipenda na mpaka leo naipenda, kwa sababu inakufundisha kusoma kama mtu asiyejua chochote. Mwandishi anajua alichomaanisha. Msomaji hajui, anaona maneno na alama tu. Na mteja wako ndivyo alivyo.

KESI YA MAZIWA

Kule Maine, Marekani, kuna kampuni ya maziwa inaitwa Oakhurst Dairy. Mwaka 2014 madereva wake watatu waliifungulia kesi kudai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa na orodha ya kazi za vyakula ambazo hazina malipo hayo: kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na nyinginezo. Mwisho wa orodha, kwa maana yake, ilisema "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Kabla ya hiyo "au" hakukuwa na koma.

Kampuni ikasema kusambaza ni kazi inayojitegemea, na madereva wanasambaza, kwa hiyo hawadai kitu. Madereva wakasema hapana, hapo inatajwa kazi moja tu, kufungasha, na sisi hatufungashi, tunaendesha magari. Machi 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Boston ikaona sentensi ina utata, na kwamba kwa sheria kama hiyo utata unamfaidi mfanyakazi. Mwaka 2018 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 5.

Koma hiyo inaitwa koma ya Oxford, kwa sababu wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford wanaitumia. Wahariri wengi wa vitabu Marekani wanaitaka, magazeti mengi yanaiacha, na ubishi wake ni kama wa Simba na Yanga. Wewe usiingie kwenye ubishi. Jiulize swali moja tu: je, sentensi yangu inaweza kusomwa kwa namna mbili?

SASA TUJE KWENYE TANGAZO LAKO

1. Masharti yaandike kwa sentensi fupi.
Angalia hii: "Free delivery in Sinza, Mwenge and Kigamboni for orders above 50,000." Mteja wa Sinza ameagiza mzigo wa 15,000. Anasoma kwamba sharti la 50,000 ni la Kigamboni peke yake, kwake ni bure. Wewe ulimaanisha wote. Bodaboda ameshafika mlangoni, nani analipa? Mhariri angekata mara mbili: "We deliver in Sinza, Mwenge and Kigamboni. Delivery is free for orders above 50,000." Hapo hakuna pa kubishania.

2. Chunga neno linalosifia vitu viwili.
"Slightly used phones and laptops." Laptop ni mpya au zimetumika? Kama ni mpya, geuza mpangilio: "New laptops and slightly used phones." Hujaongeza koma hata moja, lakini maana imenyooka. Wakati mwingine dawa ni kuhamisha neno, siyo kuongeza alama.

3. Apostrofi haileti wingi.
Siyo "bag's available", ni "bags available". Siyo "new shoe's", ni "new shoes". Apostrofi ina kazi kubwa mbili. Ya kwanza ni kuonyesha mwenye kitu: "Mama's kitchen". Ya pili ni kuonyesha herufi iliyoachwa: "it's" ni kifupi cha "it is". Kwa hiyo "It's real leather" ni sawa, na "The bag has its own strap" haina apostrofi. Uingereza kosa hili la wingi limepewa jina kabisa, apostrofi ya muuza mboga, kwa ajili ya vibao vya bei vya sokoni. Yaani wametupa sisi wauzaji wadogo jina la kosa! Tuwavunjie hilo jina.

4. Usiogope sheria za uongo.
Wengine tulifundishwa kuwa sentensi ya Kiingereza haianzi na "And" wala "But", na haiishii na neno kama "for". Wahariri wazuri hawazifuati hizo. "What size are you looking for?" ni Kiingereza safi. Ukimwandikia mteja "For what size are you looking?" atadhani anaongea na mahakama. Mhariri mzuri halazimishi ugumu, analinda maana.

Na Kiswahili nacho kina mitego hiyo hiyo. "Viatu na mikoba ya ngozi 25,000." Viatu navyo ni vya ngozi? Hiyo 25,000 ni ya kila kimoja au vyote kwa pamoja? Mteja mmoja atakuuliza inboksi. Wengine watapita kimya kimya waende kwa jirani, na hutajua kamwe.

ZOEZI LA LEO

Chukua posti yako ya mwisho, mpe mtu asiyejua biashara yako. Usimweleze chochote. Muulize: bei ni ngapi, unapata nini, nani analipia usafiri? Akikosea hata moja, usimlaumu. Rekebisha sentensi.

Halafu weka hapo chini sentensi moja ya tangazo lako inayokusumbua, tuinyooshe pamoja. Biashara njema!