Moshi na Vumbi: Nani Analinda Hewa Yetu?

Moshi wa viwanda, vumbi la machimbo ya mawe na takataka zinazochomwa sokoni si mambo mageni kwa wakazi wa Meru na Embu. Hatari kubwa imo katika chembe ambazo jicho halizioni. Chembe zenye upana wa maikroni 2.5 au chini ya hapo, nyembamba mara 30 hivi kuliko unywele, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Jukumu la kulinda hewa limegawanywa. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1999, hukagua viwanda. Kanuni za ubora wa hewa zinavitaka viwanda vilivyotajwa humo viwe na leseni ya kutoa moshi. Nazo serikali za kaunti zimepewa na Jedwali la Nne la Katiba kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa.

Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Meru na Embu.

Kabla ya kufika huko, mwananchi anashauriwa kupiga ripoti kwa afisa wa mazingira wa kaunti au ofisi ya NEMA. Aandike mahali, tarehe, saa, rangi ya moshi na upande unakoelekea. Mara nyingi moshi huisha kabla mkaguzi hajafika. Maelezo hayo ndiyo yatakayomwonyesha aje saa ngapi.