Taya la Kibogoyo Likivunjika

Mzee ameteleza uani akagonga kidevu. Hakuna jino lililong'oka, kwa kuwa meno hana. Nyumbani wanamkanda kwa maji ya moto na kusema atapoa. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mfupa wa taya huishi kwa kazi ya meno. Meno yakiisha, sehemu iliyoyashika hupungua mwaka hata mwaka. Taya la chini la mtu aliyekaa kibogoyo miaka mingi huweza kubaki na kimo kisichofika sentimeta moja. Damu inayolilisha nayo hupungua. Taya kama hilo huvunjika kwa pigo dogo na huunga polepole.

Kijana akivunjika taya, daktari huweza kufunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili mfupa utulie. Kibogoyo hana pa kufungia. Ndiyo sababu meno yake ya bandia ni mali: daktari huweza kuyatumia kama banzi. Katika hospitali kubwa mfupa hushikwa kwa bamba la titani na skrubu. Bamba hilo sharti liwe imara, maana mfupa mwembamba haulisaidii kubeba mzigo.

Huenda umesikia habari za vipandikizi. Mwaka 1965 Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimpandikizia mgonjwa skrubu za titani tayani, zikashikana na mfupa. Vipandikizi huzuia meno ya bandia yasicheze, na mfupa uliopata kazi tena haupungui upesi. Lakini kutoboa taya jembamba kunaweza kulivunja, na kwa kawaida mfupa huachwa uunge kwanza. Gharama ni kubwa. Usiuze ng'ombe kabla ya kumwuliza daktari kama taya litavihimili.

Sasa mtazame mzee wako. Je, mdomo wa chini umekufa ganzi? Kuna damu au wekundu chini ya ulimi? Meno ya bandia yaliyomkaa vizuri jana leo hayakai? Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama shingo haimwumi, aketi ameinamia mbele ili damu isimpalie. Asile wala kunywa njiani, kwani huenda akapewa dawa ya usingizi. Meno ya bandia yatoeni kinywani, myafunge katika kitambaa safi na kwenda nayo, hata yakiwa vipande viwili.

Akirudi, apewe uji, maziwa na mchuzi wa samaki uliochujwa, kwa wiki sita au zaidi, mpaka daktari aseme taya limeunga.