Kuendesha Seva za Waa Ukiwa Ng'ambo ya Likoni: Watumiaji na Poti kwenye Swichi ya KVM

Tuseme una seva tatu katika chumba kidogo cha shule huko Waa: ya karo, ya kumbukumbu za wanafunzi na ya maabara ya kompyuta. Fundi anayezijua anakaa kisiwani Mombasa. Stima imepotea na kurudi, na seva ya karo imekwama kabla mfumo wake haujaamka. Programu za kawaida za kuingia kwa mbali hazifai hapo, kwa kuwa zenyewe zinasubiri mfumo huo. Fundi atavuka kwa feri ya Likoni, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, aje abonyeze kitufe kimoja.

Swichi ya KVM ya mtandao huondoa safari hiyo. Inachukua skrini, kibodi na kipanya cha kila seva na kuvifikisha kwenye kivinjari cha fundi, hata skrini ya BIOS. Lakini aliyeingia humo ni sawa na aliyeketi mbele ya mashine, hata chumba kikiwa na kufuli mbili. Kwa hiyo panga watu kwanza, poti baadaye, na usikiweke kifaa hiki wazi kwenye intaneti hata siku moja.

Hatua ya 1: Andika nani atashika nini

Chukua karatasi. Upande mmoja orodhesha mashine, upande wa pili watu, kisha jaza haki za kila mmoja: kutazama tu, kutumia kibodi, kuzima na kuwasha, kupachika faili kutoka mbali, au kubadilisha mipangilio ya swichi yenyewe. Mwalimu wa maabara anahitaji seva ya maabara peke yake. Fundi wa kampuni iliyouza programu ya karo anahitaji seva ya karo, tena kwa muda. Mkuu wa shule atie sahihi karatasi hiyo. Kumbukumbu za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na swali la nani aliruhusiwa kuziona lina siku yake ya kuulizwa.

Hatua ya 2: Ipe swichi anwani ya kudumu

Unganisha kompyuta yako na swichi kwa kebo moja kwa moja. Anwani ya kiwandani imo kwenye kijitabu chake. Vifaa vingi vya ATEN, visipopewa anwani na ruta, hukaa 192.168.0.60. Ipe kompyuta yako anwani ya familia hiyohiyo, mfano 192.168.0.10 yenye barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, kisha ufungue kivinjari.

Ukishaingia, weka anwani ya kudumu iliyo nje ya zile ambazo ruta hugawa yenyewe, mfano 192.168.20.5. Ikiwezekana, itenge kwenye VLAN yake, mbali na Wi-Fi ya walimu na wageni. Weka pia seva ya saa (NTP, poti 123) na majira ya Afrika Mashariki, UTC+3. Saa ikikosea, rekodi za nani aliingia lini hazina maana.

Hatua ya 3: Ondoa nenosiri la kiwandani

Manenosiri ya kiwandani mara nyingi huchapishwa kwenye vijitabu ambavyo kila mtu anaweza kuvipakua. PiKVM, kwa mfano, huja na mawili: admin/admin ya kivinjari na root/root ya SSH. Ukibadilisha la kwanza ukasahau la pili, hujafunga kitu. Sasisha pia programu ya ndani ya kifaa kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kuendelea.

Hatua ya 4: Tengeneza vikundi, kisha watumiaji

Anza na vikundi: wasimamizi, maabara, mafundi wa nje. Kila kikundi kipe matundu ya swichi yaliyounganishwa na seva zake, pamoja na haki ulizoandika kwenye karatasi, ndipo umwingize mtu ndani ya kikundi. Zingatia haya:

- Kila mtu na akaunti yake. Akaunti moja ya ofisi nzima haimtaji yeyote siku ya tatizo.
- Haki ya kupachika faili kutoka mbali ibaki kwa wasimamizi. Anayeweza kupachika diski anaweza kuiwasha seva kwa mfumo wake mwenyewe na kuruka manenosiri ya mfumo uliomo.
- Akaunti ijifunge baada ya majaribio 5 yaliyoshindwa, na kikao kikatike baada ya dakika 10 bila kuguswa.
- Fundi wa nje awekewe tarehe ya mwisho. Kifaa kisipokuwa na nafasi hiyo, izime akaunti mwenyewe kazi ikiisha.
- Akaunti moja ya dharura ya msimamizi ihifadhiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu ya shule.

Waambie wote jambo hili: kutoka kwenye swichi si kutoka kwenye seva. Ukiacha seva imefunguliwa kama msimamizi, anayefuata ataikuta hivyo hivyo. Toka kwenye seva kwanza, kisha kwenye swichi.

Hatua ya 5: Fungua poti chache

Nenda kwenye mipangilio ya huduma za mtandao na upitie moja baada ya nyingine:

- 443 (HTTPS): iache, ndiyo njia kuu.
- 80 (HTTP): ifunge, au ielekeze kwenye 443.
- 23 (Telnet): ifunge. Hupitisha nenosiri bila kulificha.
- 22 (SSH): iache tu ikiwa unaitumia.
- 161 (SNMP): ifunge kama huna mfumo wa kufuatilia vifaa; kama unao, tumia toleo la 3.
- Poti ya mtengenezaji: baadhi ya vifaa vya ATEN hutumia 9000, vya Raritan 5000. Soma kijitabu kabla ya kuzifunga, zisije zikakatika picha na kibodi.

Ukiunganisha swichi na orodha ya watumiaji ya taasisi, tumia LDAPS kwenye 636 badala ya LDAP ya 389. Kuhamisha 443 kwenda 8443 hakuongezi ulinzi wowote wa maana. Wanaotafuta vifaa vilivyo wazi hupima poti nyingi, si 443 peke yake.

Halafu weka kichujio cha anwani: ruhusu mtandao wa VPN na kompyuta moja ya ofisini, kataa wengine. Andika kanuni ya kuruhusu kabla ya ile ya kukataa, la sivyo utajifungia nje.

Hatua ya 6: Pitia VPN

Usielekeze poti ya ruta moja kwa moja kwenye swichi. Tumia VPN kama WireGuard, ambayo kwa kawaida husikiliza UDP 51820.

Kwanza tazama anwani ya nje kwenye ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, jambo la kawaida kwenye laini za simu, na hakuna wito wa kutoka nje utakaokufikia. Hapo kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, na ruta ya Waa iwe ndiyo inayoipigia. Weka PersistentKeepalive iwe 25, ili njia isijifunge kila baada ya ukimya.

Hatua ya 7: Jaribu kama mgeni

Zima Wi-Fi, tumia bando la simu. Bila VPN, ukurasa wa swichi usifunguke kabisa. Kwa VPN, ingia kwa akaunti ya kila kikundi: mwalimu wa maabara akiona seva ya karo, rudi Hatua ya 4. Kisha mtu aliye Waa akate stima ya chumba. Ruta, swichi ya mtandao na KVM zote ziwe kwenye UPS. Moja ikizimika, nyingine hazikusaidii.

Mwisho, tuma rekodi kwenye mashine nyingine kwa syslog (UDP 514), na uhifadhi nakala ya mipangilio nje ya chumba hicho. Kila muhula ukiisha, linganisha orodha ya watumiaji na ile karatasi. Aliyeacha kazi, zima akaunti yake siku hiyohiyo, lakini usiifute, ili jina lake lizidi kusomeka kwenye rekodi.